Balozi Aliyenisema Vizuri

Nyumba kumi za balozi wetu zilikuwa kumi na tatu. Wakubwa wa tawi walipomuuliza hesabu imezidije, aliwajibu kwamba zile tatu zilikuja zenyewe, na kama wanazitaka waje wazibebe. Hawakuja. Kwa waliozaliwa baadaye niseme tu kwamba siku zile Chama kilikuwa kimeigawa mitaa yote nyumba kumi kumi, na kila kumi zilikuwa na kiongozi aliyeitwa balozi, ambaye kazi yake ilikuwa kujua nani kahamia, nani kagombana na nani analala kwa nani. Balozi wetu alikuwa mwanamke, na hilo la tatu alilijua kuliko yale mengine mawili.

Sijawahi kumsikia mtu akimwita kwa jina. Hata mumewe, kabla hajaondoka, alimwita Balozi, tena kwa sauti ya mtu anayebisha hodi. Alipoondoka, Balozi alitangaza msiba wa siku moja, akapika ubwabwa, akatuita wote, na tulipokwisha kunawa mikono akasema, "Marehemu yuko Kigamboni na mke mdogo. Tumuombee." Tukamuombea. Fundi, mchonga vinyago aliyekuwa na kibanda chake mbele ya nyumba yetu, aliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote, na nadhani alikuwa na sababu zake.

Tulikaa Tandale, nyuma ya soko, mimi na mama, katika vyumba viwili vilivyogusana ukuta na chumba chake. Alikuwa mwanamke mrefu, mtafuna tambuu, mwenye sauti ya kumwita mtu aliyeko Manzese bila kunyanyuka kwenye mkeka. Asubuhi alianza na matusi ya jumla, yasiyomlenga mtu, kama anayefagia uwanja. Baada ya hapo ndipo alipoanza kutaja watu. Ukipita bila kutukanwa ulirudi nyumbani na wasiwasi, ukajiuliza umemkosea nini.

Ujamaa aliuamini kweli, hapo simtanii. Kwenye mikutano alisimama na sare yake ya Chama, akasema chumvi ya mmoja ni chumvi ya wote, na jioni alikuja kuchukua chumvi yako. Ulipokwenda kwake kutaka mafuta ya taa alikuuliza kama umesahau siasa ya kujitegemea. Hotuba ya kujitegemea yenyewe aliitoa siku moja ya jua kali, Fundi amesimama nyuma yake anamshikia mwavuli. Lakini sukari ilipoadimika, na dukani ikaja kidogo, alihakikisha imeanza kwa wenye watoto wachanga, na yeye mwenyewe akanywa chai kavu akiilaani kila funda. Nilimwona kwa macho yangu, kwa hiyo na hilo liandikwe.

Uongo kwake ulikuwa na vyeo. Uongo wa kujiokoa ulikuwa wa waoga. Uongo wa kujisifu aliwaachia wanaume, akisema ukiwanyang'anya huo hawatabaki na kitu. Uongo wa kumsitiri mwenzio, huo aliuita sadaka, na aliutoa bila kipimo. Zilipokuja zile siku za kukamata wazururaji, lori lilipita mitaani na askari, na mtu yeyote asiye na kazi alipakiwa kupelekwa kijijini kulima. Balozi ndiye aliyetakiwa kuwaonyesha. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hapa kwangu hakuna mzururaji," alisema. "Yule mwenye mguu mbaya ni mlinzi wa kisima. Huyu mnayemsikia anakoroma ni mlinzi wa usiku, muacheni, kachoka na kulinda nchi."

"Na huyu binti?" askari aliuliza, akininyooshea kidole.

"Katibu wangu."

Hilo lilikuwa na ukweli ndani yake. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nina cheti kizuri na viatu vibaya, na nilimsomea Balozi barua zote zilizotoka tawini. Mwenyewe alisema herufi zimekuwa ndogo mno tangu Uhuru. Mtaa mzima ulijua kwamba hajui kusoma na hakuna aliyethubutu kulisema. Nilimsomea, yeye akafumba macho na kusikiliza, akayashika yote, na siku ya mkutano aliyasema neno kwa neno huku ameshika karatasi, mara nyingine kichwa chini miguu juu.

Askari alinitazama sana siku ile. Alimwambia Balozi kwamba safari nyingine ukatibu wa barazani hautatosha, atataka kuona kitambulisho cha kazi. Mama hakula usiku ule. Huko kijijini tulikotoka hatukuwa tena na mtu wala nyumba, na baba alikuwa amekufa. Kazi kwangu haikuwa tena suala la kutaka makuu.

Ndipo Shirika lilipotangaza nafasi.

Lilikuwa shirika la umma, kubwa, katikati ya mji, na lilikuwa limeleta kutoka Ulaya mashine ya kuhesabu iliyojaa chumba kizima. Watu waliiita ubongo. Ilitiwa kiyoyozi kabla ya mkurugenzi. Ilisemekana ina uwezo wa kupiga hesabu ya mishahara ya maelfu ya watu kabla hujamaliza kikombe cha chai, ingawa ilikokwenda sukari ya chai hiyo haikuweza kusema. Walitaka vijana wachache wa kuifundisha kazi, au wa kufundishwa nayo, tangazo halikueleweka vizuri. Watakaopita wangekaa hosteli ya Shirika huko Chang'ombe, ng'ambo ya mji, kisha wangepelekwa Ulaya kusoma.

Nilidhani nimeomba kazi mimi. Kumbe zimeomba nyumba kumi na tatu. Balozi aliichukua ile safari yangu kama anavyochukua chumvi.

Kilichotakiwa kwanza ni barua ya balozi ya kuthibitisha tabia. Alijilaza kwenye mkeka, akanitajia maneno, mimi nikaandika.

"Andika: ni mwenye adabu."

"Balozi, nijisifu mwenyewe?"

"Si wewe unayesema, ni mie. Wewe kalamu tu. Andika: wala si mlafi."

"Hilo wanalihitaji?"

"Ofisi ya watu, chakula kipo. Andika."

Akagonga muhuri mara mbili, ili hata mtu mwenye haraka auone.

Mtihani wa kuandika ulifanyika kwenye ukumbi mkubwa, tukapangwa kama mihogo sokoni. Tulichorewa pembetatu, mviringo, pembetatu, mviringo, tukaulizwa kinachofuata. Niliporudi, Balozi alitaka kujua nimeulizwa nini, nikamweleza. "Wametoka Ulaya na meli nzima," alisema, "kuja kuuliza hivyo?" Majina ya waliopita yalibandikwa ukutani baada ya wiki nyingi. Langu lilikuwepo, na chini ya orodha waliandika kwamba tusubiri tutajulishwa. Balozi alisema nchi nzima inasubiri kujulishwa, tukae foleni.

Tulipojulishwa kwamba kuna usaili mbele ya jopo, aliunda jopo lake barazani. Yeye alikuwa mwenyekiti. Fundi aliwekwa kuwa Mzungu, kwa kuwa haongei sana, akaagizwa atikise kichwa na kuandika-andika. Mama aliwekwa kuwa wakubwa wengine wote.

"Mashine imegoma," Balozi alianza, "na mkurugenzi anakuja na wageni. Unafanya nini?"

"Naita fundi."

"Kosa! Unasimama mbele yake unatabasamu. Fundi unamuita wageni wakishapita. Haya. Mkubwa wako kakosea hesabu. Unafanya nini?"

"Namweleza."

"Unataka kazi au unataka kifo? Mkubwa hakosei. Mkubwa anachelewa kuwa sahihi."

Sikutarajia kuulizwa swali hilo mahali pengine popote duniani. Lakini kule Shirikani, mbele ya meza ndefu yenye watu saba na jagi moja la maji, Afisa Utumishi, bwana mmoja mwenye miwani, aliniuliza ningefanya nini nikigundua kosa la mkubwa wangu. Hofu ilinishika, mdomo ukafunguka wenyewe, ikatoka sauti ya Balozi: mkubwa hakosei, anachelewa kuwa sahihi. Kisha Afisa Utumishi akaanza kucheka, na wenzake wakaruhusiwa kucheka. Mzungu wao alisubiri kutafsiriwa, akacheka peke yake baadaye, sisi tumeshafika swali la ukombozi wa kusini mwa Afrika.

Baadaye tukaambiwa tukapimwe afya. Macho, kifua, damu, na choo. Kila aliyeishi miaka ile anajua choo kilipelekwa hospitali ndani ya kiberiti, na miaka ile ile viberiti vilikuwa vimeadimika madukani. Mtaa mzima tuliwasha moto kwa kuombana kaa. Balozi alikuwa nacho kimoja, anakilaza chini ya mto. Alikitoa, akatia njiti kwenye kikombe moja moja, akanikabidhi kisanduku kitupu kwa mikono miwili kama anayetoa mahari.

"Chukua. Taifa linakihitaji."

Nilikwenda hospitali nikiwa nimekifunga kwenye leso. Niliporudi jioni, kabla sijavua viatu, akaniuliza, "Kiko wapi kiberiti changu?"

"Balozi! Wamekichukua."

"Wamekichukua na vilivyomo?"

"Ndiyo."

"Wizi wa mali ya umma," alisema, kisha akasahau ghafla, maana alikuwa na habari kubwa zaidi. Alinivuta mkono mpaka chumbani kwa mama, akaketi kitandani, akapiga vigelegele, mama akaruka.

"Mwenzenu leo nimeozesha," alisema.

Walikuwa wamekuja watu wawili mchana, mwanamume na mwanamke, nadhifu, wenye maneno ya pole pole. Waliketi barazani kwake, wakasema wanapita tu, wanamuulizia yule binti wa chumba cha pili. Ana tabia gani? Anatoka usiku? Anao marafiki wa aina gani? Sasa kwetu, watu wawili nadhifu wakija kukuulizia mchana bila kusema shida yao, hiyo ni posa. Hawajitambulishi, maana wakikuona hufai wanataka waondoke bila kumuaibisha mtu. Kila mtaa una kisa cha binti aliyeolewa, au aliyekosa kuolewa, kwa maneno ya jirani siku kama hiyo. Balozi alijua wajibu wake.

"Nimekusema vizuri mpaka mate yamenikauka," alisema. "Nimewaambia huyu ni mtulivu, mtu wa jikoni. Hatoki. Habari za mashine ni utoto tu, nimewaambia, hesabu zenyewe hazipendi, mumewe akimkataza siku moja ataacha siku hiyo hiyo. Nimewaambia hata hiyo kazi akipata hafiki mwaka, atakuwa keshazaa."

Mama alianza kutabasamu. Mimi nikaingiwa na shaka. Nilikwenda kwa Fundi kibandani nikamuuliza kama aliwaona wale wageni wamekuja na nini. Akaacha patasi.

"Gari," alisema. "Wameliacha pale kona. Namba za SU."

SU zilikuwa namba za magari ya mashirika ya umma. Hakuna bwana harusi aliyetuma washenga kwa gari la SU. Walikuwa watu wa upekuzi wa Shirika, wamekuja kuuliza mtaani kama mtumishi wao mtarajiwa anafaa, na mtaa umewajibu kwamba anafaa sana kuolewa.

Nilipomweleza Balozi alitema tambuu. "Basi maji yameshamwagika," alisema, akaingia ndani akafunga mlango. Nililia. Sikulia kistaarabu, nililia kama mtoto aliyenyimwa, mama ananishika mabega, na kila nikifumba macho nililiona lile lori.

Kilichofuata nilikijua kwa Afisa Utumishi mwenyewe, miaka kadhaa baadaye, alipokuwa bosi wangu na tumeshazoeana. Kesho yake asubuhi aliingia ofisini akamkuta mwanamke mrefu, kavaa sare kamili ya Chama, ameketi kwenye kiti chake yeye Afisa. Mlinzi aliiogopa ile sare.

"Mie ni balozi wa nyumba kumi na tatu," alisema. "Jana watu wako walikuja kwangu, nikawadanganya."

"Uliwadanganya?"

"Neno kwa neno. Sasa chukua kalamu uandike ukweli. Yule binti hana utulivu. Mbishi, mkaidi, anaweza kukubishia wewe mpaka ukaenda kulala. Wali wake unaungua chini na haujaiva juu. Posa hana, na kwa mdomo ule sioni atatoka wapi mume. Hesabu anaota nazo, tunamsikia ukutani. Mkimuacha, mmeacha mtu."

Afisa alimuuliza kama anajua kwamba kuwapa watu wa upekuzi habari za uongo ni jambo zito kwa kiongozi. Akasema anajua. Akamuuliza kama yuko tayari kuliwekea muhuri. Akatoa muhuri kwenye pochi, akaupulizia, akagonga.

Nilipata kazi. Barua ya kuajiriwa ililetwa na mtu wa baiskeli, Balozi akaipokea, akaishika kichwa chini miguu juu, akatangaza mtaani kwamba nimepita. Alikuwa ameuona muhuri. Kitambulisho nilikipata wiki iliyofuata, na lori lilipopita tena mama alikitoa kwenye kabati akaenda kukipunga barabarani, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Lakini ile karatasi aliyoigonga muhuri kwa Afisa ilifika tawini. Katika kikao walisoma jina lake kamili, na Fundi aliyekuwepo alisema watu waligeuka kutafuta ni nani huyo. Wakamvua ubalozi. Mahali pake wakamweka bwana mmoja aliyevaa tai kusikiliza kesi za bata walioibiwa. Tulimwamkia vizuri yule bwana, kisha kesi tukazipeleka kwa Balozi kama kawaida. Sare alimpa mama akashona foronya. Mimi nilimwomba radhi mara nyingi kwa yaliyompata kwa kutojua kwake, na kila mara alisema, "Wee nenda ukahesabu."

Nilihesabu miaka mingi. Chang'ombe, kisha Ulaya, kisha mashine ya pili na ya tatu, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia na yenye kiburi zaidi. Kile kisa cha washenga wa gari la SU nimekisimulia kwenye sherehe za ofisi, kwenye harusi yangu, na kwenye msiba wa Fundi, na hakijawahi kukosa kicheko.

Mara ya mwisho nilimkuta Boko, alikohamia kwa mpwa wake, kwenye kiwanja chenye mihogo na kuku wengi wasiotii. Macho yalikuwa yameondoka karibu yote. Nilipiga magoti.

"Shikamoo Balozi."

"Marahaba. Umenenepa, nasikia pumzi."

Tukala muhogo, tukawasema waliokufa na waliobaki. Nikaanza tena kile kisa chetu, kwa mazoea, ili tucheke. Nilikuwa nimefika pale wageni wanapoketi barazani, akanikatiza.

"Hawakuwa wa posa."

"Si ndiyo nasimulia, Balozi. Wewe ulidhani…"

"Sikudhani. Nilijua palepale. Watu wa posa wanaanza na ukoo. Wale hawakuuliza hata baba yako nani. Waliuliza kama unaweza kutunza siri."

Nilimtazama. Alikuwa ameuelekeza uso kwenye mihogo, anatafuna.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini ukasema vile?"

"Ulikuwa unaondoka," alisema. "Kwanza Chang'ombe, halafu huko kwenye baridi. Mume kaondoka. Mtoto sina. Nani angenisomea? Nikajiambia askari mie nitawadanganya mpaka wachoke, wewe utabaki."

"Unajua wangenipakia kwenye lile lori?"

"Najua."

"Mbona ukaenda kusema?"

"Usiku nilikusikia unalia, nikajifunika shuka, nikasema itapita. Asubuhi nikatoka na panga la maneno, nakusubiri uanze. Ukatoka na ndoo, ukanichotea maji kama kila siku, ukaniambia shikamoo. Ungenitukana, mwanangu, ningenyamaza mpaka leo."

Hasira ilinipanda, na ilikuwa hasira ya kweli, ya miaka yote ile niliyomwomba radhi mtu aliyenifanyia makusudi. Na nilimpenda, palepale, kuliko nilivyowahi kumpenda. Sikujua nianze na lipi.

"Umekasirika?" aliuliza.

"Sana."

"Vizuri. Kaa ukasirike mpaka jioni, usiondoke na njaa. Kuku keshachinjwa."

Nilikasirika mpaka magharibi, na mapaja yote mawili nikala mimi.